Mizani ya Ulimi

Miaka arobaini naionja chumvi ya Katwe
kwa ncha ya ulimi, sijui kipimo kingine.
Mnunuzi wa Mbarara, kabla lori halijawaka,
hupiga simu kuuliza: "Ithungu yupo?"
Chembe moja tu, hapa, nyuma ya meno,
nami najua ni jaruba la nani,
najua kama mvua ilipita usiku kuiba.
Hii ya chungu. Hii ya ngozi. Hii ya ng'ombe, walambe.

Ndipo nesi akanifunga mkono
kwa kile kitambaa kinachovimba kwa hasira,
akanyamaza, akafunga tena.
"Mia na sabini na nane kwa mia na nne.
Mama, unafanya kazi gani?"
Nikamwambia.
Akaweka kalamu chini akacheka,
kisha akaona mimi sicheki.

Sukari, alisema, imeshachungulia mlangoni.
Lehemu imeingia bila hodi, imeketi.
Akaniandikia karatasi, nimeitundika jikoni:
chumvi, kijiko kisichojaa, kutwa nzima;
mawese ya Kongo, siyo kila siku;
chai iwe kavu; sombe, kula; maharage, kula;
bundu lisizidi ngumi.
Ngumi ya nani, hakuandika.
Marehemu Thembo alivunja mwamba ziwani kwa mtaimbo,
ngumi yake ilikuwa kama kichwa cha mtoto.
Natumia yake.

Akaja kijana wa begi jeusi, viatu vinang'aa,
na kopo la vidonge vya kitunguu saumu
na jingine la mafuta ya samaki wa bahari ya baridi.
Elfu themanini! Na Ziwa Edward liko pale,
ngege wanarukaruka, nadhani walitusikia.
Nikanunua. Usinicheke.
Mwenye hofu hanunui dawa, hununua usingizi.
Mwezi ukapita, kitambaa kikavimba vilevile.
"Vya kopo sikugombezi," nesi akasema,
"lakini vile nilivyokupa mimi viko wapi?"
Vilikuwa ndani ya debe la chumvi,
mahali ambapo, nilidhani, sitafungua tena.

Wiki ya kwanza nilikula na kinyongo.
Sombe isiyo na chumvi ni barua isiyo na jina,
unaisoma yote, hujui nani kakutumia.
Nikatwanga saumu, nikakamua ndimu,
nikatupia tangawizi, nikasusa, nikarudi.
Mjukuu wangu Muhindo akala kwa jirani.
Wiki ya tano, sijui ya sita,
nyanya ikanisemesha.
Nilishika kijiko hewani kama niliyeitwa jina la utotoni.
Kumbe ilikuwa tamu siku zote hizo,
mimi ndiye niliyekuwa nikiipigia kelele.

Sasa ulimi umekuwa mkali, unanitisha.
Juzi nilionja gunia la Bwambale nikatema:
"Umechanganya ya mwaka jana."
Akaapa kwa mama yake. Nikamwangalia.
Akaapa kwa sauti ndogo zaidi.
Akalifungua, akatoa ya chini.
Naonja, natema, nasukutua kwa maji ya chupa.
Wanawake wa majaruba wananiita Bibi Mate.

Jana kitambaa kilisema mia na arobaini na mbili.
"Bado," alisema nesi, "bado," ila alitabasamu
na vidonge vyake sasa vinakaa juu ya redio,
nikisikia taarifa ya habari nameza.

Saa saba mchana, majaruba meupe yanaunguza macho,
harufu ya ziwa kama yai lililosahaulika,
nimeinama na karai, mgongo umegoma.
Tone likatoka kwenye paji, likafuata pua,
likakunja kona, likatua mdomoni.
Sikulialika.
Karatasi ya jikoni haisemi lolote kulihusu.
Nikaliacha likae pale, nyuma ya meno,
nikalipima kama ninavyopima za watu.

Daraja la kwanza.
Halafu nikatema, mazoea,
nikaendelea kukokota.